Kabla Magurudumu Hayajaiacha Ardhi: Mwongozo kwa Aliyeunda Ndege ya Mfano wa Kale

Mwongozo huu nimeukusudia kwako wewe ambaye, baada ya miaka ya kukata mbao, kuunga mabomba, kushona kitambaa na kukipaka dawa ya kukikaza, umeifikia siku ambayo ndege uliyoiunda kwa mikono yako, kwa kufuata umbo la ndege iliyoruka kabla hujazaliwa, imesimama kamili bandani, ina mbawa, ina mkia, ina injini inayonguruma, na haina upungufu unaoonekana kwa macho ila huu mmoja, kwamba haijapata kuiacha ardhi. Nakuandikia kutoka Busi, katika wilaya ya Kondoa, mkoani Dodoma, ambako mizinga ya nyuki hutundikwa juu mitini, na ambako mzee akimwona kijana anaukabili mti mrefu kwenda kurina asali, swali analomwuliza si namna atakavyopanda, bali namna atakavyoshuka. Swali hilohilo ndilo nitakalokuuliza tangu mwanzo wa maneno haya hadi mwisho wake.

Takwimu zilizo wazi zinatosha kutupa hadhari. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani, nchi ambayo uundaji wa ndege nyumbani umeenea kuliko popote, ilitoa uchunguzi wake mwaka 2012, ikaonyesha kuwa ndege za namna hii zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege ndogo za nchi hiyo, lakini katika mwaka 2011 zilichukua asilimia 15 ya ajali zote za ndege ndogo, na asilimia 21 ya ajali zilizoua. Sababu zilizotangulia zilikuwa mbili: injini kukosa nguvu, na rubani kushindwa kuitawala ndege. Bodi iliona pia kuwa saa za mwanzo za maisha ya ndege, pamoja na safari ya kwanza ya mtu aliyeinunua kwa mwingine, ndizo zenye hatari nyingi. Sikuandikii haya ili uvunjike moyo, maana kazi uliyoifanya ni ya heshima. Nakuandikia ili heshima hiyo isiishie makaburini.

Nakala si asili

Dhana ya kwanza ya kuing'oa ni ile isemayo kwamba, kwa kuwa ndege ya asili iliruka, basi na nakala yake itaruka. Nakala ina injini nyingine, gundi nyingine, mbao za msitu mwingine, na rubani asiyekuwa na mwalimu wa kumwambia ilivyo tabia yake hewani. Aliyeiunda asili amekwisha kufa, na siri nyingi za mikono yake amezikwa nazo. Kila nakala, hata ikifanana na asili kama pacha, ni ndege mpya ambayo hakuna mwanadamu aliyepata kuiruka.

Tena asili yenyewe haikuwa salama kama picha zake zinavyotudanganya. Tarehe 24 Januari 1920 ndege kubwa ya namna ya Vickers Vimy, iliyogharimiwa na gazeti la The Times, iliondoka Brooklands nchini Uingereza kwenda Cape Town, ikiendeshwa na Kapteni Cockerell na Kapteni Broome, na ndani yake akiwamo mtaalamu wa wanyama Chalmers Mitchell. Ilivuka jangwa na mto Nili, ikaingia katika uwanda wetu huu wa kati, na tarehe 27 Februari, ilipokuwa ikiondoka Tabora, ikaanguka na kuvunjika, isiendelee tena, ingawa waliokuwamo walisalimika. Siku chache baadaye, tarehe 6 Machi, Vimy nyingine iliyoendeshwa na van Ryneveld na Brand ilivunjika vilevile ilipokuwa ikiondoka Bulawayo, nao wakalazimika kuimaliza safari yao kwa ndege ya namna nyingine. Tabora na Bulawayo zote mbili ziko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, tena penye joto. Weka jambo hilo akilini, tutalirudia.

Miaka zaidi ya 70 ilipita, ndipo Lang Kidby na Peter McMillan walipopata nakala ya Vimy, iliyoundwa kwa ukubwa uleule wa asili, wakaondoka nayo Uingereza mwaka 1994 kwenda Australia. Injini zake mbili zilikuwa za magari ya Chevrolet, na mojawapo ilipozimika wakiwa juu ya Sumatra, walitua katika shamba la mpunga, wakabadilisha injini na kuendelea. Mwaka 1999 nakala hiyohiyo, ikiendeshwa na Mark Rebholz na John LaNoue, ilifika Cape Town kutoka London, ikaitimiza safari iliyokatikia Tabora. Yatafakari hayo kwa makini: nakala ilifika kwa sababu wenyewe waliitazamia injini kuzimika, wakajiweka tayari kwa siku hiyo, na kila walipokutwa na hitilafu walirudi kwenye meza ya fundi kabla ya kurudi hewani.

Idhini, na jicho lisilo lako

Tamaa ya kuunda ndege si ngeni kwetu. Mkenya Gabriel Nderitu aliunda ndege yake akaitia injini ya Toyota, isipate kuruka kama alivyotumaini. Na Tunduma, mkoani Songwe, fundi mmoja aliunda helikopta hata habari zake zikavuma nchi nzima. Wengi huicheka juhudi ya namna hii, na wengine huisifu kupita kiasi, na makundi yote mawili yanamdhuru mwenye kazi: wa kwanza humtia ghadhabu ya kutaka kuwaonyesha, wa pili humtia haya ya kusema bado.

Nenda kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania mapema, ikiwezekana kabla ya kukata ubao wa kwanza, maana hakuna ndege irukayo kihalali pasipo usajili na idhini, wala alama ya usajili ya 5H haipakwi ubavuni kwa hiari ya mwenye ndege. Usiwaone wakaguzi kuwa ni mahasimu. Mtu aliyeikodolea macho kazi yake miaka mitano haioni tena: anaona kile alichokusudia, haoni kile alichofanya. Piga picha kila kiungo kabla ya kukifunika kwa kitambaa, andika tarehe, weka daftari, kisha mlete fundi wa ndege asiyekuwa rafiki yako wa karibu, umwambie waziwazi kwamba hukumwita akusifu.

Kuna kosa moja ambalo limewahi kuua watu, nalo ni dogo hata mtu huona haya kulitaja: nyaya za usukani kufungwa kinyume. Keti katika kiti cha rubani, mwenzako asimame nje, usukume usukani kuelekea kulia, naye ataje kwa sauti anachokiona: kipande cha mwisho wa ubawa wa kulia kimepanda, cha kushoto kimeshuka. Vuta usukani kwako, ataje kwamba ubapa wa mkia umeinuka. Fanyeni hivyo kila asubuhi, wala msiseme tulifanya jana.

Uangalie pia mpangilio wa vitu ndani ya chumba cha rubani. Mwimbaji John Denver alikufa tarehe 12 Oktoba 1997 katika ghuba ya Monterey, California, akiwa katika ndege iliyoundwa nyumbani na mtu mwingine, ambayo alikuwa ameinunua tu. Bomba la kuchagulia tangi la kulisha injini mafuta lilikuwa nyuma ya bega la kushoto la rubani, tofauti na ramani ya ndege ilivyoagiza, hata kulifikia kulikuwa ni kujipinda mwili mzima. Kile ambacho mkono haukifikii kwa urahisi ukiwa ardhini, hautakifikia hewani wakati injini inakohoa.

Mizani ya mazao

Naja sasa kwenye jambo ambalo nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote yafanyikayo bandani, na ambalo halihitaji fedha nyingi. Azima mizani tatu za jukwaa, kama zile tunazopimia magunia ya alizeti na mahindi, uzithibitishe kwanza kwa kitu ambacho uzito wake unajulikana, kisha weka moja chini ya kila gurudumu, ndege ikiwa imesawazishwa kama inavyokaa hewani. Chagua alama moja mbele ya pua, na upime umbali wa kila gurudumu kutoka hapo.

Tuseme magurudumu mawili ya mbele, yaliyo mita 1.50 kutoka kwenye alama, yamesoma kilo 210 na kilo 208, na gurudumu la mkia, lililo mita 5.50, limesoma kilo 32. Zidisha kila uzito kwa umbali wake, ujumlishe: 418 mara 1.50 ni 627. 32 mara 5.50 ni 176, jumla 803. Gawa kwa uzito wote wa kilo 450, utapata kitovu cha uzito kipo mita 1.78 kutoka kwenye alama. Mtie sasa rubani wa kilo 80 katika kiti kilicho mita 2.60: jumla ya uzito ni kilo 530, jumla ya mazao ya hesabu ni 1,011, na kitovu kimerudi nyuma hadi mita 1.91. Ikiwa ramani inakuruhusu kati ya mita 1.75 na mita 1.95, basi umo ndani, lakini mlango uko karibu na mgongo wako.

Hapa ndipo nakala inapomsaliti mwenyewe. Ndege nyingi za wakati wa Vita Kuu ya Kwanza zilikuwa na pua fupi kwa sababu injini zake zilikuwa nzito. Wewe umetia injini ya kisasa iliyo nyepesi, ukafurahi kwamba umepunguza uzito. Ondoa kilo 30 mahali palipo mita 0.40 kutoka kwenye alama: jumla inabaki 999, uzito kilo 500, na kitovu kinakuwa mita 2.00, umevuka mpaka kwa sentimita tano. Ndege yenye mkia mzito namna hiyo haina subira; ikiinua pua haitaki kuishusha, mbawa zake huachwa na hewa, na rubani husukuma usukani mbele asipate jibu. Dawa yake ni kuisogeza injini mbele au kuifunga risasi puani, ukapima upya. Na kila utakapobadili kitu, hata gurudumu la mkia likizidi kilo tano tu, irudie hesabu yote.

Mafuta na injini

Petroli ipatikanayo vijijini hupita katika mikono na madumu mengi. EWURA, mamlaka ya kudhibiti huduma za nishati na maji, walianzisha utaratibu wa kutia vinasaba, yaani alama za kuyatambulisha, katika mafuta kwa sababu palikuwa na watu wakichanganya petroli na mafuta ya taa, na mchanganyiko ambao pikipiki itaulalamikia kidogo tu unaweza kuivunja injini ya ndege inayofanya kazi kwa nguvu zake zote. Nunua mafuta yako mahali pamoja panapoaminika, yachuje, kisha kila asubuhi, kabla ndege haijatikiswa, kinga kidogo kutoka sehemu ya chini kabisa ya tangi katika chupa ya kioo, uiinue juani. Maji ni mazito kuliko petroli, nayo utayaona yamekaa chini, duara moja linalong'aa kama jicho la samaki. Mwaga, kinga tena, hadi jicho lile litoweke.

Kisha pima mtiririko. Inua pua ya ndege kama itakavyokuwa inapopanda, fungua bomba linaloingia kwenye kabureta, ukinge. Ikiwa injini yako hunywa lita 24 kwa saa inapofanya kazi kikamilifu, na mafuta hushuka yenyewe bila pampu, basi yapaswa yashuke mara moja na nusu ya kiasi hicho, yaani lita 36 kwa saa, au lita 3 kwa kila dakika tano. Jagi la lita 3 na saa ya mkononi vyatosha kwa jaribio hili, na tangi liwe na mafuta machache, maana hapo ndipo shinikizo huwa dogo. Yatazame pia mabomba yapitayo karibu na injini: kwa joto letu petroli hugeuka mvuke ndani ya bomba, na mvuke huo huziba njia kama kizibo.

Ifunge ndege kwa minyororo katika nguzo imara, uikimbize injini kwa nguvu zote kwa muda mrefu kuliko utakaohitaji kuondoka na kupanda, huku ukivisoma vipimo vya joto. Na rafadha usiidharau. Jim Wright wa Oregon aliunda nakala ya ndege ya mbio ambayo Howard Hughes alivunjia rekodi mwaka 1935, nakala nzuri mno, akairuka kwa mafanikio tangu mwaka 2002. Tarehe 4 Agosti 2003, akirudi nyumbani kutoka kwenye maonyesho, ilianguka karibu na Yellowstone akafa. Wachunguzi walikuta uzito mmoja mdogo wa kusawazishia mabapa ya rafadha umevunjika. Mtetemo mpya, hata ukiwa mdogo, hata ukiwa umebakiza safari moja kufika kwako, ni amri ya kutua na kukaa.

Hewa ya uwanda wetu

Nilikuomba uzikumbuke Tabora na Bulawayo. Kiwanja cha Dodoma kipo karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Kondoa viko juu zaidi. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na hewa yenye joto ni nyepesi zaidi, hata mambo mawili hayo yakikutana, ndege hujiona iko juu kuliko ilivyo. Dodoma saa nane mchana, joto likiwa nyuzi 32, injini na mbawa hufanya kazi kana kwamba kiwanja kipo mita 2,000: injini ya kawaida hupoteza kama sehemu moja kwa tano ya nguvu zake, na mwendo wa kukimbia kabla ya kuruka hurefuka kwa nusu tena au zaidi, ukilinganisha na ule ulioandikwa kwa ajili ya pwani. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, joto likiwa nyuzi 18, kiwanja kilekile hujifanya kipo mita 1,500. Mita 500 hizo unapewa bure na alfajiri; mwenye akili hazitupi.

Mchana una balaa nyingine. Kuanzia saa nne, ardhi iliyokauka huchemsha hewa, na visulisuli husimama mashambani kama nguzo nyekundu za vumbi, vikinyanyua majani makavu ya alizeti hata yasionekane. Kisulisuli unachokiona kina ndugu zake wasio na vumbi usiowaona. Ndege nyepesi ya mbawa mbili, yenye kamba na mihimili mingi, hupeperushwa na hewa hiyo kama karatasi. Na miezi ya kiangazi pepo za kusini mashariki huvuma kwa nguvu; ikiwa kiwanja kimelala kaskazini na kusini, pima upepo wa ubavuni, na usipokuwa na hakika, safari ya kwanza iwe siku ambayo bendera imelala kwenye mlingoti wake.

Kiwanja na watu

Usishawishike kuondokea barabara ya lami iendayo Babati, hata ikiwa tupu alfajiri, wala uwanja wa mpira wa shule. Tafuta kiwanja kilichoidhinishwa, chenye urefu unaozidi hesabu yako maradufu, na ambacho mbele yake hakuna nyumba. Siku mbili kabla, tembea kwa miguu kutoka mwisho wa kiwanja kila upande, uangalie ni wapi utatua injini ikizimika: shamba lililokwisha kuvunwa ni jema, mahindi marefu yanavumilika, korongo la mmomonyoko, ambalo Kondoa tunalijua kwa majonzi tangu kabla ya mradi wa HADO wa kuhifadhi ardhi kuanza mwaka 1973, ni kaburi, na mbuyu haukupishi.

Kuhusu watu, nakuomba unisikilize sana. Usitangaze siku. Mwarifu mwenyekiti wa kijiji, mwarifu mwenye mifugo, iarifu zahanati na hospitali iliyo karibu, na uweke watu wanne wanaojua kazi yao: mmoja na kizimamoto, mmoja na kisu cha kukatia mikanda na msumeno, mmoja na gari lililowashwa, na mmoja ambaye kazi yake yote ni kuwazuia watoto. Ndege ikitua salama, watoto huikimbilia kwa furaha kabla rafadha haijasimama, na rafadha inayozunguka haionekani. Mfunze mtu wako huyo asimame mbele ya kundi akiwa ameipa ndege mgongo, macho yake kwa watoto. Akigeuka kutazama, amekwisha kuiacha zamu yake.

Kutambaa, kisha kuruka

Anza kwa kuiendesha ardhini polepole, siku kadhaa, ujue inavyopinda, breki zinavyoshika, na kile ambacho pua iliyoinuka inakuficha. Kisha ongeza mwendo hadi mkia uinuke, upunguze, usimame. Tahadhari hapa, maana mbio za ardhini zimewaua watu ambao hawakukusudia kuruka: ndege nyepesi hupandishwa na upepo ghafula, na mwenyewe, akiwa hana mpango wa kuruka wala kiwanja cha kutosha mbele yake, hushtuka na kukata mafuta akiwa juu kuliko kimo cha mtu. Kila uingiapo ndani kwa ajili ya mbio hizo, jifunge mikanda na ujitayarishe kama anayeruka.

Rubani wa safari ya kwanza si lazima awe muundaji. Miaka uliyokaa bandani ukipiga randa ni miaka ambayo mikono yako haikushika usukani hewani. Ama ujizoeze upya kwa mwalimu, katika ndege yenye tabia inayokaribiana na yako, kwa mfano yenye gurudumu mkiani, ama umkabidhi rubani mwenye ujuzi, nawe usimame na kizimamoto. Lakini asiende mtu wa pili kwa ajili ya kufurahi.

Safari hiyo iandikwe katika kadi moja, mistari michache. Ondoka; ikiwa katikati ya kiwanja mwendo haujafikia kiasi ulichokiandika, kata nguvu, usimame. Injini ikizimika baada ya kuondoka, shusha pua mara moja na utue mbele yako, ukipinda kidogo tu kukwepa kikubwa. Kugeuka kurudi kiwanjani ukiwa chini ni mtego wa kale, kwa sababu ndege isiyo na nguvu ikigeuzwa kwa haraka mbawa huishiwa na hewa, ikaanguka kwa pua. Panda ukizunguka juu ya kiwanja, usikiache. Ukifika mita 1,000 juu ya ardhi, punguza mwendo taratibu hadi uhisi mbawa zinaanza kutetemeka na usukani unalegea, usome kipimo cha mwendo hapo, uandike, uzidishe kwa 1.3: huo ndio mwendo wako wa kukaribia kutua, wala si ule uliousoma kitabuni. Usijaribu mwendo mkubwa siku hiyo. Mbawa na mkia usiosawazishwa vizuri huweza kushikwa na mpapatiko, ambao hukivunja kiungo katika muda usiotosha kutamka jina lako. Zunguka, tua, zima, vua vifuniko vyote vya injini, utafute uvujaji, ufa na nati iliyolegea.

Nchini Marekani ndege iliyoundwa nyumbani kwa kawaida huamriwa kuruka saa 25 hadi 40 za majaribio, mbali na makazi ya watu, kabla ya kuchukua abiria. Hata usipoamriwa, jiamrishe. Kila safari iongeze jambo moja tu: leo uzito, kesho mwendo, keshokutwa kupinda kwa kasi. Ukiongeza mawili kwa pamoja na jambo likaharibika, hutajua ni lipi lililokuharibia.

Haya ya kusema bado

Mwaka 2015 Scotty Wilson wa Marekani aliirusha nakala ya ndege ya Bugatti, ndege ya buluu yenye uzuri wa ajabu ambayo asili yake, iliyoanza kuundwa Ufaransa kabla ya Vita Kuu ya Pili, haikupata kuruka hata mara moja. Yeye alikuwa rubani wa miaka mingi, na wenzake walikuwa mafundi hodari. Tarehe 6 Agosti 2016, huko Oklahoma, aliondoka kwa safari ya tatu, iliyokusudiwa kuwa ya mwisho kabla ya ndege kupelekwa makumbusho. Ilianguka, naye akafariki. Simhukumu marehemu, Mungu amrehemu. Najifunza kwake tu kwamba jaribio halina safari ya kuagana, na kwamba hewa haijui kuwa umebakiza moja.

Ukitaka mfano wa upande wa pili, tazama tarehe 17 Desemba 2003, siku ya kutimia miaka 100 ya ndege ya ndugu wawili Wright. Nakala yao, iliyoundwa kwa utafiti mkubwa, iliwekwa kwenye reli yake Kill Devil Hills, Rais wa Marekani akiwa amekwisha kuhutubia, na maelfu ya watu wakiwa wamesimama mvuani. Upepo haukutosha. Ndege iliteleza, ikashindwa kupanda, ikakaa katika dimbwi la maji. Umati ulirudi nyumbani bila kuona ulichokijia, na rubani naye alirudi nyumbani.

Jambo ambalo halipimwi kwa mizani wala halikingwi kwa chupa ya kioo ni haya, yaani soni ya kusimama mbele ya mkeo, wazee wako na vijana waliokubeza, huku pilau imekwisha kupikwa, ukasema: leo hatutaruka. Soni hiyo imewapandisha wengi ambao injini zao zilikuwa zimekwisha kuwaambia wasiende. Kwa hiyo liandike neno hilo katika kadi yako juu ya mistari mingine yote, ulifanyie mazoezi kama unavyofanyia mazoezi kutua, na siku moja ya makusudi, ndege ikiwa nzima na hewa imetulia, litamke, uifunge kamba na kurudi nyumbani ukanywe chai, ili ulimi wako uizoee njia yake. Mrina asali akifika katikati ya mti akasikia tawi linalia, huteremka; hakuna mtu hapa Busi amwitaye mwoga, maana mzinga bado upo juu, na kesho ana miguu ya kuupandia.